Unasikiliza Rekodi Gani? Mwongozo wa Kusikilizishana Muziki Barazani

Katika mitaa ya Mji Mkongwe, mtu akiulizwa siku hizi anasikiliza nini, mara nyingi hujibu kwa kutaja jina la mwimbaji au la wimbo, kisha mazungumzo yakahamia kwengine. Jibu hilo ni la adabu, lakini halimpi mwenzake kitu cha kwenda nacho nyumbani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wapenzi wa taarab ya asili, wa muziki wa Misri wa zama za redio, na wa muziki wa klasiki wa Ulaya, ambao wangependa wenzao wasikie kile hasa wanachokisikia wao. Baraza yetu hukutana kila Jumamosi baada ya sala ya Isha, watu sita hadi tisa, na taratibu zilizomo humu tumezipata kwa kukosea na kurekebisha kwa miaka kadhaa.

Hatua ya kwanza: taja rekodi, usitaje wimbo peke yake

Wimbo ni kitu kimoja na rekodi ni kitu chengine, nasi tulilijua hilo kwa taabu. Kijana wetu mmoja anayejifunza fidla alitushauri tusikilize Goldberg Variations za mtunzi wa Ujerumani Johann Sebastian Bach, kazi iliyochapishwa mwaka 1741, yenye ariya moja, yaani kipande kifupi cha kufungulia, na mageuzi 30 ya kipande hicho yaliyojengwa juu ya besi yake, ile sauti nzito ya chini, akatutajia na mpiga piano, Glenn Gould wa Kanada. Nilikwenda nikaitafuta, nikaisikiliza wiki nzima, na Jumamosi iliyofuata nikasema kwamba kilichonigusa zaidi ni utulivu wa ariya ya mwanzo, kila noti imewekwa kama mtu anayewapangia wageni vikombe vya kahawa, kimoja kimoja, bila ya haraka. Kijana akanitazama kwa mshangao, akasema: "Samahani, ami, mbona ariya ile inakwenda mbio?" Tulibishana hadi karibu saa nne za usiku, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake hakusikiliza vyema.

Kumbe Gould aliirekodi kazi hiyo mara mbili katika studio moja ya New York: mara ya kwanza mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 22, na mara ya pili mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Rekodi ya kwanza huchukua dakika 38 na kidogo, na ya pili dakika 51; ariya ya mwanzo katika ile ya 1955 haifiki dakika mbili, na katika ile ya 1981 inapindukia dakika tatu. Kijana alikuwa na ya kwanza, mimi nilikuwa na ya pili, na sote wawili tulikuwa tukisema kweli.

Kwa hivyo, kabla ya kumshauri mtu, andika katika daftari jina la wimbo au kazi, jina la mwimbaji na la wapigaji wakuu, jina la mtunzi wa maneno na la aliyetia sauti, yaani muziki wake, mwaka na mahali ilipofanyiwa, aliyeitoa, na namna nakala ilivyokufikia, iwe ni sahani ya santuri, kaseti, CD, au faili la simu. Kama mwaka huujui, andika kwamba haujulikani, wala usikisie, kwani wenzako watakinukuu kisio chako na mwaka utakaofuata utakirejeshewa mwenyewe kama khabari yenye uhakika.

Katika taarab, kosa kubwa ni kuwasahau watribu, yaani wapigaji wa vyombo. Mwimbaji wetu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani zilizotolewa kwa alama ya His Master's Voice, hakuwa peke yake, na kundi lake lilikuwa na watu kama Subeti bin Ambari na Mwalimu Shaaban, ambao sauti za vyombo na koo zao zimo ndani ya sahani zile sawasawa na sauti yake. Ukiandika "Siti" ukaishia hapo, umeandika nusu ya rekodi. Vivyo hivyo, ukisema "wimbo wa Malindi," ukikusudia kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, sema pia nani aliyeimba usiku ule na nani aliyepiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, kama unajua au kama unaweza kumuuliza mzee anayejua.

Hatua ya pili: isikilize mara tatu kabla ya kuileta

Mara ya kwanza sikiliza bila ya kalamu na bila ya simu mkononi. Mara ya pili kaa na daftari, na kila unaposhtuka, au unapojikuta unatabasamu, andika dakika na sekunde tu, bila ya maelezo. Mara ya tatu rudi kwenye alama hizo peke yake, na utaona kwamba nyingi zimepoa, lakini moja au mbili bado zinakuvuta vilevile kama mwanzo. Hizo ndizo za kuja nazo barazani.

Hatua ya tatu: onyesha mahali pamoja

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, na kama msomaji ataifuata hii tu akaziacha nyengine, mwongozo utakuwa haukuandikwa bure. Mtu anayesema kwamba rekodi fulani ni nzuri sana hajampa msikilizaji pa kuanzia. Anayesema, "Sikilizeni dakika ya pili na sekunde arubaini, pale fidla inapoingia kabla mwimbaji hajamaliza pumzi," amewapa wenzake mlango, na kila atakayeingia kwa mlango huo atajionea mengine mwenyewe.

Katika taarab ya asili, mahali pazuri pa kufundishia masikio ni pale ubeti unapomalizika na vyombo vikajibu kabla ya mwimbaji kurejea. Waulize wenzako ni chombo gani kinachojibu kwanza, na kama kinarudia maneno ya mwimbaji kama yalivyo au kinayapamba. Katika rekodi moja utasikia fidla zote zikijibu kwa pamoja, na kanuni ikizifuata kwa mbali kama mvua ndogo juu ya mabati. Katika nyengine ya wimbo ule ule nai, ile filimbi ya mwanzi, ndiyo inayochukua jibu peke yake, na ubeti wa pili ukaanza katika hali tafauti kabisa, kwa sababu mwimbaji amekwishakuisikia nai na sauti yake imeanza kuiga upumuaji wake.

Ukileta kipande cha vyombo vitupu, kama bashraf ya kufungulia onyesho, waeleze wenzako umbo lake kabla ya kukipiga, kwa sababu asiyejua umbo huona muziki huo ni mrefu tu. Bashraf imegawika katika sehemu ziitwazo khana, kwa kawaida nne, na baada ya kila khana hurejea sehemu moja ile ile iitwayo taslimu, kama kibwagizo kinavyorejea baada ya beti. Ndugu yake, samai, ana mpango kama huo, ila khana tatu za mwanzo huenda kwa mapigo kumi, na khana ya nne hubadilika ikaingia katika mwendo mwepesi wa mapigo matatu au sita, kisha taslimu ikarudi na mapigo yake kumi. Mahali hapo panapobadilika mwendo ndipo pa kuonyesha. Tulipompigia samai kwa mara ya kwanza bi mkubwa mmoja wa Kikwajuni, ambaye amesikiliza taarab maisha yake yote bila ya kuambiwa habari za khana, aliinua kidole pale pale dumbak, ile ngoma ndogo ya mkono, ilipogeuka, akasema, "Hapa ndipo wanapoamka." Sijasikia mwalimu wa muziki akilieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Kuhusu majina ya makam, yaani ngazi za noti ambazo wimbo hujengwa juu yake, kama rasti, bayati, hijazi na sika, ushauri wangu ni kwamba yasitangulie. Msikilizaji mpya akitajiwa majina kabla ya kusikia, hutumia muda wake wote kujaribu kukumbuka, na rekodi ikampita. Mwache kwanza asikie, kwa mfano, ule mruko mpana ulioko katika hijazi kati ya noti ya pili na ya tatu, autambue mara mbili tatu katika nyimbo tafauti, kisha mwambie jina lake, nalo halitamtoka tena.

Hatua ya nne: ikague nakala yako

Rekodi nyingi za taarab tulizonazo majumbani zimepita mikono mingi: kutoka redioni hadi kaseti, kutoka kaseti hadi kaseti nyengine, na mwisho kutoka kaseti hadi simu. Kila mpito hupunguza kitu. Kabla ya kumsifu au kumlaumu mwimbaji, hakikisha kwamba unalolisikia limetoka kwake na si kwenye nakala.

Jambo la kwanza la kuangalia ni mwendo. Mashine ikizunguka kwa kasi zaidi ya inavyopaswa, wimbo hufupika na sauti hupanda pamoja, na ziada ya asilimia sita hivi inatosha kupandisha wimbo mzima kwa nusu sauti, yaani hadi kibonyezo kinachofuata cha piano. Dalili zake ni mwimbaji mzima kusikika kama msichana, na dumbak kusikika kavu na yenye haraka. Usitegemee kuipima kwa piano au kwa programu ya simu peke yake, kwa sababu watribu walikuwa wakikaza au kulegeza nyuzi kumfuata mwimbaji, na noti zao hazikulazimika kulingana na za piano; njia iliyo salama zaidi ni kutafuta nakala ya pili iliyotoka mkono mwengine na kuzilinganisha urefu.

Jambo la pili ni mipaka ya chombo chenyewe. Upande mmoja wa sahani ya santuri ya inchi kumi, ile inayozunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua dakika tatu hivi tu. Wimbo ambao katika harusi ungekwenda nusu saa ilibidi ukatwe beti, au ugawiwe upande wa kwanza na wa pili. Ukisikia wimbo wa zamani unasita ghafla kisha unaanza tena, hapo upande ulikwisha na sahani ikageuzwa. Tatizo hilo liliwakuta wa Ulaya pia: Pablo Casals aliporekodi kazi za Bach za selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, baina ya mwaka 1936 na 1939, naye alikuwa akipigia sahani za mwendo huo huo, na kila kipande kilibidi kiingie katika dakika chache za upande.

Kwa wenye kaseti, hapa Unguja adui wetu mkubwa ni unyevu. Ifungue kaseti kwenye mwangaza, utazame kingo za utepe: ukiona utando mweupe kama vumbi la unga, ni kuvu, na kaseti hiyo usiitie katika mashine kabla ya kusafishwa na mtu anayejua kazi hiyo, kwa sababu itaacha kuvu kwenye kichwa cha mashine na kuiambukiza kila kaseti itakayofuata. Kama ni safi lakini imekaa miaka bila ya kuchezwa, tia kalamu katika tundu la gurudumu, uizungushe taratibu kwa mkono hadi mwisho na kuirudisha, ili tabaka zilizoshikana ziachane bila ya kuvutwa na mota. Utakapoicheza, pengine utasikia, sekunde chache kabla ya wimbo kuanza, mwangwi mdogo sana wa noti ya kwanza, kama mtu anayeimba katika chumba cha tatu. Usishtuke. Tabaka za utepe zimelaliana muda mrefu, na sumaku ya moja imeacha alama kwenye jirani yake. Mimi nimeuzoea mwangwi huo, hata nakala safi isiyo nao naiona kama imeanza bila ya kubisha hodi.

Nakala ukiipeleka kwa simu, itume kama waraka (document) ili faili lifike kama lilivyo, wala usirekodi spika kwa simu nyengine.

Hatua ya tano: tayarisha mahali

Baraza ya nje ni nzuri kwa mazungumzo, lakini kwa kusikiliza, chumba kilicho na mazulia na mapazia ni bora, kwa sababu kuta tupu za mawe hurudisha sauti na kuichafua. Zima feni kwa muda wa rekodi. Spika iwe imechajiwa mchana, kwani umeme hauna ahadi. Tazama nyakati za sala kabla ya kupanga, usianze rekodi ya dakika arubaini ikiwa adhana iko karibu, na mwezi wa Ramadhani pumzikeni mpaka baada ya Sikukuu.

Hatua ya sita: pigeni, nyamazeni, kisha mdogo aanze

Aliyeleta rekodi aitambulishe kwa sentensi nne au tano alizoziandika kutoka daftarini: nini, nani, lini, wapi, na mahali gani pa kutegea sikio. Asieleze hisia zake. Akisema mapema kwamba wimbo unaliza, nusu ya watu watakaa wakisubiri machozi na nusu nyengine watakaa wakiyazuia.

Kama rekodi haizidi dakika kumi, ipigwe yote bila ya kukatizwa. Ikizidi, ipigwe sehemu iliyochaguliwa, na mwenye kutaka nzima aichukue nyumbani. Anayeguswa akasema "Allah!" kwa sauti ndogo asizuiwe, kwani hiyo ni sehemu ya taarab tangu asili yake, lakini kusimulia habari za harusi gani wimbo huu ulipigwa na nani alitunza kungoje mwisho. Rekodi ikimalizika, kaeni kimya kama dakika moja. Kimya hicho kinawatia wageni wasiwasi mara ya kwanza, na mara ya tatu wenyewe hukitaka.

Baadaye aanze kusema aliye mdogo kwa umri, na mzee wa baraza awe wa mwisho. Wengine wameniambia kwamba huku ni kuwakosea wakubwa heshima, nami naelewa wanachokihofia, lakini nimeona kwa macho yangu kwamba Maalim, mzee wetu wa baraza, akishasema kuwa rekodi ya zamani ni bora, hakuna kijana atakayethubutu kusema kwamba yeye alipenda ile mpya, na baraza nzima hupoteza sikio moja. Tulipobadilisha mpangilio, Maalim mwenyewe ndiye aliyefurahi zaidi, kwa sababu alianza kuulizwa maswali badala ya kukubaliwa tu.

Hatua ya saba: linganisheni rekodi mbili za kitu kimoja

Baada ya miezi miwili mitatu, tengeni usiku mmoja kwa kulinganisha. Mkianza na Misri, chukueni Enta Omri, wimbo ambao Mohammed Abdel Wahab alimtungia Umm Kulthum na ukaimbwa kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Umm Kulthum alikuwa akiimba mbele ya watu, na onyesho lake la Alkhamisi ya kwanza ya mwezi lilirushwa na redio ya Cairo kwa miaka mingi, kwa hivyo nyimbo zake zina rekodi za usiku mbalimbali. Mwenye kusema "nasikiliza Enta Omri" hajasema bado ni usiku gani. Chagueni mstari mmoja, hesabuni ameurudia mara ngapi katika kila usiku, na sikilizeni watu walipopiga kelele: mara nyingi marudio yanayofuata kelele hizo ndiyo anayoyabadilisha zaidi. Mtaona kwamba waliokaa ukumbini nao wamo katika rekodi, na kwamba urefu wa wimbo ulitegemea walivyoitika.

Hapa nyumbani, linganisheni wimbo aliourekodi Siti binti Saad na Bi Kidude akiuimba kwa namna yake miongo mingi baadaye, kwani Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizichukua nyimbo nyingi za Siti. Msiulize nani bora. Ulizeni beti zipi zimebaki na zipi zimeanguka, mwendo umekuwaje, na ngoma zimeingia wapi pale ambapo zamani palikuwa na chombo cha udi peke yake. Kwa usiku wa namna hii andaeni muda mrefu zaidi na birika la pili la kahawa.

Hatua ya nane: hifadhini, na mlipe panapostahiki

Daftari la baraza liwe moja, likae kwa mtu mmoja anayeaminika, na kila Jumamosi liandikwe tarehe, rekodi iliyopigwa na maelezo yake yote kama yalivyo katika hatua ya kwanza, pamoja na neno moja la kila aliyehudhuria. Kaseti zigeuzwe kuwa mafaili mapema, kwanza zile zisizopatikana madukani, kama vile rekodi za harusi na za mazoezi ya vikundi, na faili liandikwe jina kamili, kwa sababu faili lenye jina la "wimbo 07" limekwisha kupotea hata kama bado lipo.

Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Kusikilizishana chumbani ni jambo moja. Kuuza nakala au kuitandaza rekodi ya kikundi kilicho hai ni jambo jengine, nanyi msilifanye. Vikundi vyetu vikongwe, Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club iliyoanza mwaka 1958, vimetoa rekodi rasmi, nazo zinunuliwe. Mkiwa na kaseti ya zamani ambayo mnamjua mwimbaji au mtribu aliyemo, wapelekeeni nakala jamaa zake kabla ya mtu mwengine yeyote, na mwende na daftari, kwa sababu mara nyingi ndio watakaowatajia jina la aliyepiga fidla.